Chokaa Niliyomwaga Limuru

Niliua vichaka vya bluberi vya shangazi yangu kwa chokaa. Alipotafutwa mwenye kosa nilinyamaza, na kijana aliyekuwa akivitunza akafukuzwa kazi huku nikitazama. Shangazi ameniruhusu kuandika haya. Kijana naye nilimwomba ruhusa, akakubali kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Mimi watu wa kwetu watanitambua tu, na ni haki yao.

Shangazi anakaa Limuru, upande wa juu, pale mashamba ya chai yanapoanza. Udongo wa huko ni mwekundu, una mboji nyingi na una tindikali. Chai ilipandwa huko mwaka 1903, kwa mara ya kwanza nchini Kenya, nayo ikakubali kwa sababu chai ni mti wa udongo wa namna hiyo. Bluberi ni hivyo hivyo. Mmea huu unataka pH ya kati ya 4.5 na 5.5, ardhi inayopitisha maji upesi, na kivuli cha takataka za majani juu ya mizizi yake. Aina zinazozaa katika nchi zetu zilitokana na kazi ya watafiti wa Florida, ambao walizichanganya bluberi za kaskazini mwa Marekani na ndugu zao wa porini wa kusini, ili zipatikane zisizohitaji miezi ya baridi kali ndipo zichanue.

Shangazi alipanda matuta mawili nyuma ya nyumba, vichaka visivyofika 40 kwa jumla. Mtu aliyezoea kuona matunda haya yakiwa ndani ya vikasha vya gramu 125 dukani hajui uzuri wake yakiwa shambani. Maua hutangulia, meupe yenye waridi kwa mbali, yameinama vishada vishada kama kengele ndogo. Kisha tunda hutokea kijani, likaingia wekundu, likawa samawati, na juu yake kuna unga mwembamba wa nta unaofutika ukiugusa. Shangazi hakuruhusu mtu alichume tunda siku lilipogeuka samawati. Alilitaka likae siku kadhaa zaidi, mpaka ule wekundu uliobaki karibu na kikonyo uishe, kwa sababu tunda la bluberi haliongezi utamu likishachumwa. Alikuwa akiinua shada kwa kidole kimoja, anachungulia chini yake, anatoa moja, anayaacha mengine. Matunda hayo ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha mjukuu wake chuo kikuu.

Lazima niseme pia ananiitaje. Nimepewa jina la babu mzaa baba, na babu huyo ndiye baba yake shangazi. Kwa desturi yetu Wakikuyu, mwenye jina hilo ni baba yake. Tangu nikiwa mtoto mdogo ameniita "baba", na neno langu nyumbani kwake lilikuwa na uzito kuliko umri wangu. Uzito huo niliutumia vibaya, kama nitakavyoeleza.

Mimi ni mwalimu wa kilimo katika shule ya sekondari huko Trans Nzoia, nchi ya mahindi, na mada ninayoipenda kuliko zote ni udongo. Wakulima wetu wametia DAP mwaka baada ya mwaka. Amonia iliyomo ndani yake ikigeuka kuwa naitreti huacha tindikali ardhini, na msimu hadi msimu pH hushuka. Ikifika chini ya 5.5 hivi, alumini iliyokuwa imetulia kwenye udongo huyeyuka na kuharibu ncha za mizizi ya mahindi, na fosforasi hushikwa isiufikie mmea. Utayaona mahindi machanga yamedumaa na majani yameingia zambarau. Dawa yake ni chokaa ya kilimo. Haya ni kweli tupu, na bado nayafundisha. Nimeona mashamba yaliyokuwa yamekata tamaa yakirudi, na wazee wakinishika mkono sokoni kunishukuru. Shukrani hizo zilinifanya niamini kwamba udongo wenye tindikali ni mgonjwa popote utakapoukuta.

Likizo ya Agosti, shangazi alikwenda Mombasa kwa binti yake aliyekuwa amejifungua, akaniomba nimkalie nyumba. Limuru ilikuwa baridi, ukungu haujainuka hadi saa nne. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaona majani ya juu ya vichaka yamekuwa mekundu yenye zambarau. Bluberi ikipigwa na baridi majani yake hupata rangi hiyo, na joto likirudi huiacha. Sikulijua hilo. Mimi niliyaona mahindi yenye njaa ya fosforasi. Nilikuwa na kifaa cha shule cha kupimia udongo ndani ya gari, nikapima tuta la kwanza nikapata 4.7. Tuta la pili likatoa karibu hiyo hiyo.

Namkumbuka vizuri mtu niliyekuwa dakika hiyo. Nilimhurumia shangazi kwa dhati, mwanamke wa umri ule kuhangaika na ardhi chachu bila mtu wa kumwambia. Na nilifurahi, kwa sababu jibu nilikuwa nalo mimi. Simu ilikuwa mfukoni. Kumpigia kungechukua dakika moja, naye angeniambia alichoambiwa siku aliponunua miche, kwamba udongo wake ndio uliomfanya apewe miche hiyo. Sikumpigia kwa kuwa nilitaka arudi akute kazi imeshafanyika.

Nilinunua mifuko miwili ya chokaa ya kilo 50 kwenye duka la pembejeo. Ilikuwa Jumapili, kijana yuko mapumzikoni. Niliondoa majani ya msonobari yaliyofunika matuta, nikamwaga chokaa, nikaongeza jivu lote la jikoni, nikachanganya kwa uma hadi kina cha kiganja, kisha nikayarudisha majani juu. Nilipokuwa nikichimba niliona mizizi ya bluberi kwa mara ya kwanza. Ni myembamba sana, kahawia, imesukana karibu kabisa na uso wa ardhi kiasi kwamba uma ulikuwa ukiinyanyua kama kipande cha mkeka. Mkulima mwangalifu angesimama hapo. Mimi nilimaliza tuta zima, na chokaa iliyobaki nikaimimina chini ya haidrenjia za barazani, zile ambazo nyanya alizipanda, nikiona ni vibaya kuitupa.

Jumatatu kijana alirudi, akaona weupe kwenye kingo za matuta, akaniuliza ni nini. Nikamjibu ni chakula cha udongo. Akatikisa kichwa, akaenda kumwagilia.

Mvua za vuli zilikuja, na chokaa ikashuka mahali ilipokusudiwa. Kufikia Januari shangazi alianza kunitumia picha. Majani machanga yalikuwa manjano, lakini mishipa yake imebaki kijani, kila mshipa umechorwa waziwazi. Mimi mwenyewe hufundisha kwamba hiyo ni alama ya upungufu wa chuma. Chuma hakikuwa kimetoka ardhini, kilikuwa pale pale, ila tindikali ikiisha hujifunga katika hali ambayo mizizi haiwezi kukichukua. Mimea mingi ina namna ya kujitafutia. Mizizi ya bluberi haina hata vile vinyweleo vidogo vya kufyonzea ambavyo mahindi na maharage yanavyo, hutegemea kuvu wanaoishi ndani ya mizizi hiyo, na kuvu hao nao ni wa ardhi chachu. Hata nitrojeni bluberi huitaka katika umbo la amonia, na udongo ukishapoteza tindikali vijidudu huigeuza amonia upesi kuwa naitreti, ambayo mmea huu haujui sana kuitumia. Niliinyima chakula kwa njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Baada ya manjano, kingo za majani zikakauka, machipukizi yakakoma, na maua yaliyotokea yakapukutika bila kufunga tunda.

Nilipoona picha ya kwanza nilijua. Sitaki msomaji anihurumie akidhani nilichelewa kuelewa. Usiku ule nilitafuta maandiko, na jambo la kwanza nililokutana nalo ni kazi ya Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, aliyechapisha majaribio yake juu ya bluberi mwaka 1910. Kabla yake watu walikuwa wamechukua vichaka vya porini wakavihamishia kwenye bustani zao nzuri, zilizotiwa samadi na chokaa, na vikawafia, wakahitimisha kwamba bluberi haifugiki. Coville alionyesha kwamba bustani nzuri ndiyo iliyokuwa ikiwaua, na akatahadharisha juu ya chokaa waziwazi. Mwaka 1911 binti wa mkulima wa New Jersey, Elizabeth White, alisoma kazi hiyo, akamwita aje wafanye kazi pamoja kwenye ardhi ya baba yake, ardhi chachu ya majimaji ambayo wengine waliidharau. Aliwalipa watu wa msituni wamwoneshe vichaka vyenye matunda makubwa zaidi, akavipa majina ya waliovigundua. Mwaka 1916 waliuza mavuno yao ya kwanza sokoni. Kwa hiyo kosa langu lilikuwa limeandikwa na kuelezwa zaidi ya miaka 100 kabla sijalifanya, na lilikuwa likinisubiri mahali ambapo mwalimu yeyote wa kilimo angeweza kulisoma.

Ningeweza kumpigia shangazi usiku huo. Katika Januari bado kulikuwa na nafasi ya kuviokoa vingine, kuvichimbua na kuvihamishia kwenye mapipa yenye udongo mpya. Sikupiga. Nilimwambia nitakuja kuangalia.

Nilipofika tulikaa barazani, yeye, mimi na kijana, na shangazi akaniuliza, "Baba, ni nini hiki?" Kijana alikuwa akizipa bluberi salfeti ya amonia, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa na waliouza miche. Nilishika mfuko ule, nikausoma kwa nyuma kana kwamba natafuta kitu, nikasema huenda mbolea imezidi ikaunguza mizizi. Kijana akasema, kwa heshima, kwamba yeye hupima kwa kizibo cha chupa na hajawahi kuzidisha. Kisha akasema kuna unga mweupe aliokuta pale Agosti. Shangazi akanigeukia. Nikasema lile lilikuwa jivu la jikoni.

Jivu nilikuwa nimelitia kweli, na niliificha chokaa nyuma ya jivu. Na ile salfeti ya amonia niliyoinyooshea kidole ndiyo mbolea inayofaa bluberi kuliko nyingi, kwa sababu inatoa nitrojeni ya amonia na inaongeza tindikali. Kitu pekee kilichokuwa bado kikivitetea vichaka vile dhidi yangu ndicho nilichokishtaki. Shangazi alimwamini mwenye jina la baba yake. Kijana alilipwa siku zake, akafunga nguo zake, na alipopita getini aliniaga. Nilimwitikia.

Vichaka vilikufa kimoja baada ya kingine mwaka ule. Mjukuu aliahirisha muhula, kisha ada ikachangwa na jamaa, nami nikachanga zaidi ya wote, na watu wakanisifu kwa hilo. Nilizipokea sifa hizo. Hadi leo nikizikumbuka ndizo zinazoniumiza kuliko uongo wenyewe.

Haidrenjia zilikuwa bado hazijasema. Maua yake tangu nyanya alipozipanda yalikuwa ya samawati iliyokolea, kwa sababu ua la haidrenjia huwa samawati pale mmea unapoweza kupata alumini, na alumini hupatikana kwenye udongo wenye tindikali. Ukiitia chokaa, alumini inafungika na ua lile lile linatoka waridi. Shangazi alinitumia picha: upande wa kushoto wa baraza samawati, upande wa kulia, pale nilipomimina mabaki, waridi, na kichaka cha katikati kina rangi zote mbili. Akaandika, "Baba, maua ya mama yamegeuka. Ni ugonjwa ule ule?" Nilimjibu kwamba ni uzee wa mmea.

Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwake. Shangazi ni mtu wa kutokata tamaa, na alipoanza kuweka akiba ya kupanda upya alichukua udongo wa matuta akaupeleka maabara bila kuniambia. Majibu yalipokuja aliniita niende nimsomee, maana yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu na mimi ndiye msomi wa ukoo. Tulikaa mezani, akanivalisha miwani yake kwa kuwa yangu niliisahau. Nikasoma: pH 6.7. Kalsiamu imezidi sana. Akaniuliza 6.7 ni nyingi? Nikamweleza kwamba hesabu hii haiendi kama ya kawaida, kila namba moja ni mara kumi, na kutoka 4.7 hadi 6.7 ni kusema tindikali imepungua mara 100. Akauliza, "Nani aliyepima akapata 4.7?"

Nikamwambia. Nilimwambia chokaa, jivu, haidrenjia, mfuko wa salfeti, na kijana. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia alie au anifukuze. Alichofanya ni kuniita kwa jina langu la shule, lile ambalo hajawahi kulitumia, akasema, "Mtafute yule mtoto wa watu kabla hujala chakula changu tena."

Nilimpata kupitia fundi aliyekuwa rafiki yake. Anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, na kazi yake ni kupima maji ya kumwagilia kila asubuhi, pH na chumvi, kabla hayajaruhusiwa kuingia kwenye mabomba. Nilipoanza kueleza alinikatiza. Alisema alijua ni chokaa tangu siku ile ya Jumatatu, kwa kuwa alikuta mifuko miwili mitupu nyuma ya zizi. Nilimuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ningesema, ungekataa, na yeye anakuita baba. Mimi ananiita nani?"

Alikuja Limuru siku yake ya mapumziko. Niliyasema yote upya mbele yake na mbele ya shangazi, na shangazi akamwomba radhi akiwa amesimama. Alimwambia nafasi yake ipo akitaka. Akashukuru, akasema ya Naivasha inamtosha. Kabla ya kuondoka alitembea hadi kwenye matuta, akachota udongo, akauvunja kwa kidole, akamweleza shangazi asipande bluberi hapo kwa sasa.

Ushauri wake ndio tunaoufuata. Udongo uliotiwa chokaa unaweza kurudishwa kwa salfa ya unga, lakini salfa haifanyi kazi yenyewe. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa tindikali, polepole, wakihitaji unyevu na joto, na Limuru joto si jingi. Na pale ambapo punje za chokaa bado hazijayeyuka, tindikali ya kwanza inayotengenezwa huishia kuzila punje hizo, na pH haishuki hata kidogo hadi ziishe. Nimekwisha kutia salfa mara kadhaa kwa vipimo vidogo, na tunapima. Kwa sasa matuta yale yana kabichi na sukuma wiki, ambazo zinakipenda kile nilichokifanya. Bluberi mpya ziko kwenye ndoo kubwa zilizotobolewa chini, zimejazwa maganda ya msonobari yaliyooza na nyuzi za nazi zinazoletwa kutoka Pwani, na zinanyweshwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi peke yake, kwa kuwa maji mengi ya visima yana baikaboneti, na baikaboneti ikinyweshwa kila siku ni chokaa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Mkono wangu hauruhusiwi kugusa ndoo hizo shangazi asipokuwepo, na hilo nimeliona ni sawa.

Darasani nimebadilisha namna ninavyoanza mada ya chokaa. Zamani nilianza na kipimo. Siku hizi naanza kwa kumuuliza mwanafunzi ni mmea gani umesimama hapo, na anayeutunza anasema nini, na hatufungui mfuko mpaka hayo yamejibiwa.

Kijana alitaka vitu viwili kwangu, barua na mshahara wa miezi aliyokaa bila kazi. Barua niliiandika kwa mkono, inasema kwamba aliachishwa kazi kwa kosa lililofanywa na mimi, na shangazi akaitia sahihi chini ya yangu. Mshahara nimelipa nusu. Nusu iliyobaki naituma kila mwisho wa mwezi, naye hunijibu kwa neno moja, "Imefika."